Malalamiko: semina ya nyoka iliyotufundisha kwamba ukukwi wote ni mmoja

Wanajukwaa, nimesubiri wiki tatu nikitumaini kwamba waandaaji wa semina ile wangeijibu barua yangu, na kwa kuwa hawakunijibu hata neno moja, ninayaleta malalamiko yangu kwenu.

Semina ilikuwa ya siku mbili, kwa ajili ya waongoza watalii na walinzi wa misitu wa Usambara Mashariki. Siku ya kwanza sina la kulaumu. Mkufunzi alitueleza vizuri kwamba hongo wa kijani, nyoka mwenye sumu kali, hana lile gamba dogo linalokaa kati ya gamba la pua na magamba ya mbele ya jicho, ilhali ukukwi, yaani kundi la nyoka wa kijani wasio na sumu, analo. Akatueleza pia kwamba magamba ya mgongoni ya bumslangi, nyoka mwingine mwenye sumu kali, yana mkuku, yaani mwinuko mwembamba kama ule wa chini ya jahazi, na ya ukukwi ni laini. Hayo ni mambo ya uhai na kifo, na aliyatendea haki.

Kilichonikasirisha ni alivyowatendea wasio na sumu. Alionyesha picha tatu za nyoka watatu tofauti, zote akaziandikia jina moja, Philothamnus semivariegatus, ambalo ni jina la kisayansi la aina moja tu ya ukukwi. Nilipouliza kwa nini, alijibu mbele ya darasa zima kwamba nyoka akishakuwa hana sumu, kumchambua zaidi ni kupoteza muda. Watu walicheka, nikakaa chini.

Siku ya pili mwenzetu mmoja alimkamata ukukwi kando ya kijito. Alikuwa wa kijani kitupu, isipokuwa alama chache nyeusi shingoni, na kwa ajili ya alama hizo mkufunzi akatamka palepale kwamba ni semivariegatus. Niliomba ageuzwe. Semivariegatus ana mikuku miwili dhahiri kwenye magamba ya tumboni, mmoja kila upande, inayoendelea hadi chini ya mkia, na ndiyo inayomwezesha kupanda gome la mti lililosimama wima. Ukimpitishia kidole utaihisi hata kabla ya kuiona. Huyu tumbo lake lilikuwa mviringo, halina mkuku wowote. Kwenye panja alikuwa na gamba moja, na nyuma yake moja tena, wakati semivariegatus kwa kawaida huwa na mawili yakifuatwa na mawili. Tena, akiwa mikononi mwetu, alitapika chura. Semivariegatus ni mwindaji wa mijusi, hasa mijusikafiri na vinyonga. Anayekaa kando ya maji akila vyura, mwenye tumbo lisilo na mkuku na panja la namna ile, ni Philothamnus hoplogaster. Wapo hoplogaster wengi wenye alama nyeusi shingoni, na wapo semivariegatus ambao madoa yao yamefifia mno. Rangi ndiyo ya kwanza kuonekana, na ndiyo ya mwisho kuaminiwa.

Nilimwonyesha yote hayo, moja baada ya jingine. Akasema, "Hana sumu, inatosha," akaandika semivariegatus kwenye daftari la kumbukumbu za msitu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Daftari lile si la semina, ni la msitu, na watakaokuja baada yetu watalisoma wakiamini kwamba aliyeandika alitazama. Usambara ina ukukwi wake, Philothamnus macrops, aliyeelezwa na mtaalamu wa nyoka Boulenger mwaka 1895, ambaye huwezi kumkuta popote upendapo kama semivariegatus aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika. Huku pwani kuna punctatus mwenye vidoa vidogo, ambaye naye ana mkuku tumboni na humchanganya hata mtu makini. Ikiwa wote wanaingizwa kwa jina moja, siku macrops akitoweka katika kipande fulani cha msitu hakuna atakayejua, kwa sababu katika maandishi atakuwa hakuwahi kuwapo.

Wala sisemi kwamba gamba moja linatosha. Mwaka 1957, huko Chicago, Karl Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa wakati wake, aliletewa bumslangi mchanga, akasita kumpa jina hilo kwa sababu gamba lililofunika tundu la haja lilikuwa zima badala ya kugawanyika. Aling'atwa, akafariki siku iliyofuata. Kwa hiyo dalili husomwa kwa pamoja: tumbo, panja, magamba ya mdomo wa juu yanayogusa jicho, idadi ya safu za mgongoni, mahali alipopatikana, na alichokula. Kwa mwenye kioo cha kukuzia na mkono uliotulia, kazi hiyo haizidi dakika tano. Darasa la watu ishirini walionyimwa dakika hizo sasa wanawaongoza wageni msituni.

Ninadai mambo mawili. Ukurasa ule wa daftari usahihishwe na uandikwe hoplogaster, kwani picha nne za tumbo na panja ninazo na nilizituma pamoja na barua. Na zile picha tatu za semina ziondolewe hadi kila moja ipewe jina lake. Kama kuna mwanajukwaa aliyehudhuria na bado ana nakala za picha hizo, naomba aipekue ya pili kutoka kushoto: tumbo linaonekana pale nyoka alipojikunja juu ya tawi.