Tupeane uzoefu: filamu ya Freddie Mercury ilikugusa wapi?

Mtoto wa Mlandege
Wakuu, jana usiku nimeirudia Bohemian Rhapsody, ile filamu ya 2018 ya maisha ya Freddie, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyocheza Rami Malek. Mara ya kwanza nilifuata nyimbo tu. Safari hii ilipokwisha nimekaa kama nusu saa, taa sijawasha. Nimezaliwa Unguja. Utotoni kila siku tukipita Shangani tunawakuta wageni wanapiga picha mlangoni, tunawauzia karafuu, wala hatujui wanamtafuta nani. Hebu kila mtu aseme, wewe ilikugusa wapi?

Zamu ya Usiku
Kwangu ni mwanzoni kabisa, anapopakua mizigo uwanja wa ndege Heathrow, mwenzake anamwita Mpakistani kwa lile neno lao la kutukania, naye anajibu kwamba hakutoka Pakistan. Kazi hiyo nimeifanya miaka 9, uwanja huohuo. Mimi Mtanga, lakini kwa msimamizi wangu wa kwanza nilikuwa Msomali, basi. Wiki ya kwanza nilimsahihisha, ya pili nikamsahihisha, ya tatu nikanyamaza, nikawa naitika. Nakaa Feltham, si mbali na nyumba ya wazee wake, mtaa wa Gladstone Avenue. Ukutani pana kibao cha buluu cha kumkumbuka tangu 2016. Nikitoka zamu alfajiri huwa nasimama pale kidogo, mabuti mkononi, miguu imevimba.

Mkoroshoni
Hilo neno linauma hata ukilisikia kwenye filamu. Pole ndugu.

Mjukuu wa Kibokoni
Mimi wa Mombasa. Nyanya yangu hakujua Kiingereza. Siku moja wimbo wenyewe wa Bohemian Rhapsody unapiga chumbani kwangu, likaja lile "Bismillah". Nyanya akasimama mlangoni na upawa mkononi: "Huyo ni nani aanzaye kwa jina la Mungu? Ongeza sauti." Kwenye filamu kipande hicho kilipofika nililia peke yangu, watu wananitazama.

Mzee wa Kanda
Filamu tamu, lakini imepotosha na mimi siwezi kunyamaza. Queen hawakuwa wamevunjika kabla ya Live Aid, lile tamasha la Wembley la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Walikuwa wametoka ziarani miezi miwili tu nyuma. Wanaonyesha eti Freddie kutoa albamu ya peke yake ni usaliti, wakati Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alishatoa yake tangu 1981. Kubwa kuliko yote, wanamwonyesha akiwaambia wenzake ana UKIMWI kabla ya kupanda jukwaani Wembley, Julai 13, 1985. Mwenzi wake, Jim Hutton, alieleza kwamba majibu yalitoka 1987.

Mkoroshoni
Mzee wangu, mtu aliishi miaka 45, wewe unataka yote yaenee kwenye saa mbili na ushei? Filamu si daftari la mahudhurio.

Mzee wa Kanda
Kupunguza ni sawa. Kuugeuza ugonjwa wa mtu ili watazamaji walie mahali unapotaka wewe, hapana.

Bara Hadi Pwani
Mimi nauliza, tunamng'ang'ania wa nini? Kazaliwa Unguja 1946, sawa. Miaka 8 kashapelekwa shule ya bweni India, Panchgani. 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Yule ni Mparsi, wa wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, si Mzanzibari.

Mtoto wa Mlandege
Mparsi wa Unguja ni Muunguja. Baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu hapahapa. Mizani ya kupimia Uzanzibari umepewa na nani? Na wa 1964 wengi hawakuondoka kwa kupenda. Jirani zetu walimwachia bibi yangu funguo za nyumba yao. Akazitia kwenye kopo la Blue Band, akazihifadhi mpaka anafariki.

Bara Hadi Pwani
Haya, yaishe. Hata hivyo mimi niliizima katikati. Yale ya wanaume kwa wanaume sikuyaweza.

Mkoroshoni
Basi ungevumilia mpaka pale anapokohoa kwenye kitambaa kikatoka na damu. Hapo ungemwona mtu.

Dada wa Kashozi
Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Hicho kitambaa ndicho kilichonitoa.

Kaka yangu, kifungua mimba wetu, alipiga gitaa la solo kwenye bendi moja Dar. Alirudi kwetu Kagera mwishoni mwa 1990. Wa kwetu wanaijua miaka ile. Ugonjwa ulishaonekana mkoani tangu 1983, watu wakauita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanaingia kwa magendo kutoka Uganda. Dawa hakuna. ARV za bure tumekuja kuziona kuanzia 2004. Kulikuwa na wiki tunazika mara tatu, na migomba imekosa wa kuipalilia.

Alishuka melini na begi moja na gitaa lililokatika nyuzi mbili. Mama hakusema neno. Jioni ile akachukua kikombe cha bati cha buluu, akakifunga uzi mwekundu kwenye mshikio, akakiweka kichanjani peke yake. Wote tukaelewa. Na yeye akaelewa.

Nilikuwa na miaka 14 na kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji. Siku moja mikono inamtetemeka, akaniambia, "Onja kwanza kama umepoa." Nikageukia ukutani, nikajifanya nimeonja, nikamwambia umepoa. Akapiga funda. Ulikuwa wa moto, ukamuunguza midomo, na midomo yote ilikuwa vidonda. Akanitazama. Hakunilaumu, akasema tu, "Asante, nyanya," jina alilokuwa ananitania nalo. Siku yangu mbaya ni hiyo, kuliko hata aliyokufa.

Novemba 1991 redio ikatangaza kwamba mwimbaji wa Uingereza, mzaliwa wa Zanzibar, amekufa kwa ugonjwa huohuo. Kaka akaniambia niisogeze redio. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe na wao." Alifariki Januari.

Sasa filamu inaishia Wembley, kifua kimejaa sauti, watu zaidi ya 70,000 wanapiga makofi juu ya vichwa. Nilishukuru kumwona hivyo, na nikakasirika. Miaka 6 iliyobaki wameimaliza kwa mistari michache ya maandishi. Uji ulikuwa humo.

Mkoroshoni
Dada. Sina neno.

Mzee wa Kanda
Dada, niwie radhi, mimi nilikuwa kwenye tarehe. Lakini ndiyo maana zinaniuma. Freddie alitangaza kwamba ana UKIMWI Novemba 23 na akafa kesho yake. Miaka yote ile alikuwa ndani anarekodi, amesimama kwa shida, na sehemu hiyo hawakuitaka.

Sista Mstaafu
Nimeuguza wadi miaka ile. Kikombe hakiambukizi, mate hayaambukizi, na hata sisi wauguzi tulichelewa kuambiwa. Ulikuwa mtoto. Nenda kaburini, kaa naye, mwambie yote.

Zamu ya Usiku
Kaburini tena? Alishamsamehe siku ileile, hakuna la kwenda kuomba. Apike uji awape wanawe, auonje mbele yao.

Mjukuu wa Kibokoni
Nyanya yangu angesema sadaka. Uji mzito, wenye maziwa, upeleke msikitini au kanisani, popote penye watoto wenye njaa.

Bara Hadi Pwani
Pole sana dada yangu. Mjomba wangu naye 1994. Kwetu walisema kalogwa.

Mtoto wa Mlandege
Dada, kama si vibaya kukuuliza, lile gitaa liko wapi?

Dada wa Kashozi
Alilichukua mjomba siku ya kuanua tanga, sikuliona tena. Kikombe ninacho mimi.