Wamefuta muda wangu wote wa TrackMania bila kufungua hata faili moja la marudio

Wakuu habari za usiku.

Niko Kigoma, Mwanga, kazi yangu ni fundi simu. Nina hasira na sitaificha. Jumatatu usiku nimefungua orodha ya muda ya kundi letu la TrackMania, gemu ya mbio za magari ya kompyuta, hapa nchini, jina langu halipo. Sijashuka nafasi, nimefutwa. Njia zote 15 nyeupe, yaani za daraja la mwanzo, A01 mpaka A15, kazi ya miezi saba. Nilipouliza, admini mmoja akanijibu mstari mmoja tu: "Kijana, kwa mashine uliyonayo muda huo hauwezekani."

Hakutaja njia ipi, kona ipi wala sekunde ipi.

Kwa wasioijua, TrackMania Nations Forever ilitoka 2008 na ni ya bure, ndiyo maana sisi wenye laptopu za mtumba tunaiweza. Hakuna kugongana na mwenzako, hakuna gari la kununua kwa hela. Gari ni moja kwa wote, njia ni moja, mnatofautishwa na saa, na saa inahesabu mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Ukikosea unabonyeza kitufe unaanza upya. Kuna usiku naanza upya mara mia tatu na nakwenda kulala sijapunguza hata 0.01.

Naomba nieleze nilivyopanda, maana hicho ndicho wanachosema hakiwezekani. Mdogo wangu wa kike ananiandikia kila muda mpya kwenye kaunta buku, na tarehe yake. A01 nilianza na 26.80. Wiki ya kwanza tu nikafika 25.41. Hapo kila mtu anashuka haraka, kwa sababu hujui kitu na lolote utakalojifunza linakulipa. Mwezi wa pili, 24.72. Halafu nikagota. Wiki tano nzima daftari lina 24.5 na kitu, 24.5 na kitu, mpaka mdogo wangu akawa anaweka alama ya mkato tu badala ya kuandika.

Shida ilikuwa kona. Mimi natumia kibodi, na kibodi haina nusu: ukishika mshale wa kushoto umekata usukani wote, ukiachia hujakata kabisa. Ukitaka kukata kidogo inabidi uguse na kuachia, uguse na kuachia, na kila mguso uliozidi unaua mwendo. Nikashusha vivuli vya wachezaji wa Ulaya, yaani mbio zao zilizorekodiwa zinazokimbia pamoja nawe njiani, kwa bando la usiku, nikawa nakimbia nyuma yao, siangalii hata gari langu, naangalia tu wanaanzia wapi kukata. Ndipo nikaona kosa. Nilikuwa nachelewa kuingia, halafu najazia kwa kushika mshale muda mrefu. Wao wanaanza mapema, kwa miguso miwili mitatu midogo, gari linafika kwenye kona limeshageuka. Kuacha ile tabia kulinichukua mwezi na nusu. Umeme ukikatika nilikuwa nagonga mdundo wa zile kona kwa vidole juu ya meza ya kazi, mteja anasubiri simu yake.

Mwezi wa saba nikapata 24.17. Walio juu kabisa duniani wanakwenda chini ya sekunde 24, kwa hiyo sijidai nimeweka maajabu. Nilikuwa namba 2 kwenye orodha ya kwetu tu, kutoka namba 58. Hiyo namba 2 niliitolea jasho.

Sasa linaloniuma zaidi. Kila muda nilioutuma niliambatanisha na faili la marudio. Faili lile si video. Linatunza kila kitufe ulichobonyeza na wakati halisi ulioubonyeza. Na gemu hii, ukiirudishia vitufe vilevile kwa wakati uleule, gari linapita palepale na saa inasoma vilevile. Ushahidi wote umo mle. Nimewatumia 15, moja kwa kila njia. Nilipombana admini kama ameyafungua, akasema "hatuna muda wa kukagua ya kila mtu." Muda wa kunifuta mliupata!

Wananirushia habari ya 2021. Naijua. Mwaka ule iligundulika kwamba baadhi ya rekodi kubwa za TrackMania ziliwekwa na watu waliopunguza kasi ya gemu, wakacheza taratibu, halafu muda ukahesabika kama wa kasi ya kawaida. Ilijulikanaje? Watu walikaa na marudio, wakachambua miguso ya usukani, wakaona inakuja kwa kasi isiyoendana na kidole cha binadamu. Marudio ndiyo yaliyowakamata. Hakuna aliyekamatwa kwa kuulizwa anakaa mji gani au laptopu yake ina umri gani. Basi nifanyieni vilevile! Hesabuni miguso yangu. Mkikuta mmoja usiowezekana, nifuteni na mniandike mwizi hadharani.

Na hiyo hoja ya mashine mbovu haina maana. Laptopu yangu ikipata moto picha zinakatakata, nakosa kona, naanza upya. Inaniongezea muda, hainipunguzii.

Admini wa pili akaja na suluhisho lake: "Njoo Dar ucheze mbele yetu, una siku saba." Ndugu zangu, Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Nauli ya kwenda na kurudi, kula na kulala, mimi nitafunga meza nani atalisha nyumba? Nani mwingine kwenye ile orodha aliwahi kuitwa asafiri? Namba 1 anatuma picha ya skrini aliyopiga kwa simu, faili la marudio hana, na jina lake lipo mpaka leo. Simtuhumu, ni mkali na muda wake ndio nilioukimbiza miezi yote hii. Nasema tu kwamba yeye hakuulizwa kitu. Nilipolisema hilo, mtu akaandika "watu wa mwisho wa reli mna maneno mengi", admini akaweka kicheko. Nimesoma kile kicheko mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nataka jina langu lirudi wakati ukaguzi unafanyika, na ukaguzi ufanywe kwenye marudio, na anayepinga aandike njia na sekunde anayoitilia shaka. Kama kuna mdau humu anayejua kuchambua yale mafaili, asiye kwenye lile kundi, aniambie hapa nimtumie yote 15.

Na kwa wanaotaka kuniona kwa macho: Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kwenye banda la gemu jirani na soko la Mwanga, kwa kompyuta ya banda, si laptopu yangu. Mwenye ndugu au rafiki Kigoma amtume aje asimame nyuma yangu. Umeme ukikatika tutaendelea Jumapili saa hiyo hiyo. Kaunta buku nitakuja nalo.