Utafiti wa grupu la wachoraji hina: ninyamaze au nijitambulishe?

mtoto_wa_chake
Asalaam aleikum wapendwa. Mie niko mwaka wa mwisho chuo hapa Unguja, nataka tasnifu yangu iwe ya wachoraji hina na piko wanaokutana mtandaoni, maana siku hizi mambo yote yako huko, maua mapya yanatokea huko, bei zinagombewa huko, biharusi anachagua mchoro kwenye simu hata hajajua mchoraji anakaa mtaa gani. Nimo kwenye grupu la WhatsApp la wachoraji wa Unguja na Pemba toka zamani kwa sababu na mie nachora chora, na kurasa zao za Instagram na TikTok nazifuata. Msimamizi wangu anasema hiyo si fildi, fildi utoke uende kwa watu, kulala na simu kila mtu analala nayo 😅. Sasa hii etnografia ya mtandaoni, yaani kukaa na watu huko huko mtandaoni ukasoma wanavyoishi, inafanywaje hasa? Na kubwa zaidi, nikae kimya niwasome kama walivyo au niwambie? Nikisema tu najua watajikaza, hakuna atakaegombana tena mbele yangu.

maalim_wa_pwani
Waaleikum salaam mwanangu. Mwambie msimamizi wako kwa adabu kwamba mjadala huo una zaidi ya miaka 20. Christine Hine alitoa kitabu kizima juu ya etnografia ya mtandaoni mwaka 2000, na mwanaanthropolojia Tom Boellstorff alifanya fildi yake ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa kubuni wa kwenye kompyuta, kuanzia 2004 mpaka 2007, wala hakuwafuata watu kujua nje ya mule ni nani. Lakini weye usimuige huyo wa pili. Ule ni ulimwengu unaoanza na kuisha mule mule, hina inakauka kwenye mkono wa mtu. Hine mwenyewe kwenye kitabu chake cha 2015 anasema intaneti imeshaingia ndani ya maisha ya kila siku na ya mwili, kwa hiyo fuata jambo linakokwenda: mchoro umeonekana TikTok, umeulizwa kwenye grupu, umechorwa chumbani kwa biharusi wakati somo yake yuko pembeni anatoa amri, kisha umerudi kwenye stetasi ya mchoraji. Hapo fildi unayo na msimamizi wako hana la kusema.

Jengine, kudaunlodi chati za grupu zote ukazihesabu maneno si etnografia. Andika daftari lako kila siku ukiwa bado unakumbuka, nani kauliza bei ya miguu mpaka magotini na nani kamjibu faragha badala ya hadharani, nani kafuta ujumbe. Na kina mama wengi hawaandiki, wanatuma voisi, ukisoma maandishi tu umekosa nusu ya grupu na kicheko chote. Anza mapema kabla ya Shaaban maana ndo harusi zinapofululizana kabla ya Ramadhani, hapo grupu halilali.

piko_na_karafuu
Mie ni admini wa grupu la hina, si hilo lako nadhani, na nitasema wazi tu. Usinyamaze bibi we. Unajua nini kinasemwa mule ndani? Mtu kampaka mteja piko, ile nyeusi si hina ni rangi ya nywele ina kemikali ya PPD, kuna ngozi inaikataa, mkono umefura malengelenge na harusi kesho, anakuja kwenye grupu analia aulize wenzake afanye nini, akishajibiwa anafuta. Sasa weye umeshapiga skrinshoti unaipeleka chuo, huyo mtu kazi yake imekwisha kisiwa kizima, Pemba hii tunajuana!

Na usije ukafikiri admini akikubali basi wote wamekubali. Mie siwezi kumsemea mtu sauti yake. Na picha ndo kabisa, mkono si wa mchoraji, mkono ni wa biharusi wa watu, ana pete, ana bangili za bibi yake, shangazi zake watamjua kabla hawajafika kwenye kidole cha tatu. Mchoraji alipewa ruhusa ya stetasi, hakupewa ya tasnifu.

mwanagenzi_mjini
Nakubaliana na dada hapo juu, naongeza ya Instagram. Watu wanasema kilichoko hadharani kiko hadharani, mie siamini hivyo. Ukinukuu kepsheni ya mtu neno kwa neno, msomaji anaibandika tu kwenye Google, inaweza kumtoa mwenyewe na jina na namba ya simu ya biashara. Geuza maneno, na badilisha na jina la mahali pia, usiandike "mchoraji maarufu wa piko Wete" halafu useme umeficha jina 😂. Soma na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kabla hujaanza kuhifadhi voisi za watu kwenye laptopu ya kushea.

Halafu kumbuka unachokiona TikTok kimechaguliwa kwa ajili yako, fungua na simu ya mdogo wako utaona wachoraji wengine kabisa. Na kuna wachoraji wazuri mno wa shamba ambao bando ndo linawanyamazisha, grupuni hawaonekani, si kwamba hawapo.

mtoto_wa_chake
Shukran sana jamani. Kwa hiyo nijitambulishe. Wakijikaza je? Na atakaekataa nimfanye nini, nimtoe kwenye grupu siwezi.

piko_na_karafuu
Watajikaza wiki ya kwanza. Ikija posti ya mtu kaiba mchoro wa mwenziwe akakata jina lililoandikwa pembeni utaona wenyewe kama kuna anaekumbuka kama upo 😂

maalim_wa_pwani
Anaekataa humwandiki, wala maneno yake, wala mazungumzo ambayo hayafahamiki bila yeye. Utapoteza visa vizuri, ndivyo ilivyo. Na tangazo usilitoe mara moja, watu wanaingia na kutoka, weka kwenye maelezo ya grupu kwa ruhusa ya admini, lirudie kila wakiingia wapya, na ulisome kwa voisi pia. Jina lako la WhatsApp liandike "mtafiti" pembeni, na uendelee kuposti michoro yako kama zamani, ukigeuka kuwa mtazamaji tu ndo watakapokuogopa.