Vumbi likifunika galaksi, mlipuko wa miale ya gama tunauonaje?

Mpenda Nyota, Kisauni:
Assalamu alaykum wenzangu. Nimesoma kwamba milipuko ya miale ya gama hutumiwa kuchunguza galaksi za mbali zinazozaa nyota kwa wingi ilhali zimegubikwa na vumbi. Ikiwa vumbi huzuia mwanga, tutaonaje kilicholipuka ndani yake?

Mwalimu wa Fizikia, Tononoka:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Vumbi la angani humeza na kutawanya mwanga wa kawaida, hasa wa buluu, lakini miale ya gama hulipenya bila shida. Milipuko mirefu, yaani inayozidi sekunde 2 hivi, hutokea nyota kubwa mno inapoporomoka, na kwa kuwa nyota za aina hiyo huishi miaka milioni chache tu, hufa karibu na pale zilipozaliwa. Baadaye hubaki mng'ao wa eksrei na wa mwanga wa kawaida. Eksrei ikiwa na nguvu na mwanga ukakosekana, tunashuku vumbi, ingawa umbali mkubwa kupita kiasi nao huleta hali hiyo hiyo.

Mfano ninaoupenda ni GRB 080607 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama), wa mwaka 2008. Nuru yake ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 11, na ijapokuwa vumbi lilikuwa limeipunguza sana, spektra yake, yaani nuru hiyo ilipogawanywa kwa rangi zake, ilionyesha mistari ya molekuli za hidrojeni na za monoksidi ya kaboni. Hiyo ndiyo gesi baridi inayounda nyota, na ilipimwa ndani ya galaksi ambayo yenyewe ni hafifu mno.

Bi. Salma, Likoni:
Mwalimu, niongeze jambo. Kwa miaka kadhaa iliaminika kuwa milipuko hii hutokea katika galaksi ndogo za buluu tu, kwa sababu zilizochunguzwa ni zile ambazo mng'ao wake ulionekana kwa darubini za kawaida. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, ilipoanza kutoa mahali pa mlipuko kwa eksrei, zilipatikana pia galaksi kubwa, nyekundu, zenye vumbi. Hata hivyo, galaksi zenye metali nyingi (wanaastronomia huita hivyo elementi zote nzito kuliko hidrojeni na heli) huelekea kutoa milipuko michache zaidi, kwa hiyo idadi ya milipuko isichukuliwe moja kwa moja kuwa kipimo cha nyota zinazozaliwa.

Tena tusisahau pwani yetu: mng'ao wa eksrei uliogunduliwa kwanza, wa tarehe 28 Februari 1997, ulionwa na setilaiti ya BeppoSAX, ambayo data zake zilipokelewa kituo cha Malindi.

Mpenda Nyota, Kisauni:
Shukrani sana. Na mng'ao ukishazimika, galaksi yenyewe huchunguzwaje?

Mwalimu wa Fizikia, Tononoka:
Vumbi lililopashwa joto na nyota changa hutoa mawimbi marefu, ya infraredi na ya milimita. Darubini za ALMA nchini Chile huyapokea, na kwa kuwa mlipuko umekwisha kutuonyesha pa kuelekeza, hatulazimiki kuitafuta galaksi gizani.