V-Disc au santuri za redio za AFRS: ipi ya kuanza nayo?

Jazi_Bara: Wakuu, nataka kukusanya santuri za muziki ambazo jeshi la Marekani liliwatolea askari wake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sokoni naona V-Disc, na zile kubwa za redio ya jeshi, AFRS. Nataka za kusikiliza. Bajeti ni ya kawaida. Nianze na ipi?

FundiSindano: V-Disc. Ni inchi 12, mizunguko 78 kwa dakika, inakaa kwenye mashine yoyote yenye kasi hiyo. AFRS ni inchi 16, mizunguko 33⅓. Kwenye mashine ya kawaida inagonga kitako cha mkono kabla hujashusha sindano. Utalazimika kutafuta mashine ya studio yenye mkono mrefu, na hela yote itaishia hapo.

Sindano ya LP, yaani ya santuri za kawaida za mizunguko 33⅓, usiiweke. Ncha yake ni kama mikroni 18, inazama hadi chini ya mfereji na kuchokoa uchafu, unasikia mchakacho mtupu. V-Disc ina mifereji 136 kwa inchi, ndiyo maana upande mmoja unafika dakika sita na nusu. Anza na ncha ya mikroni 64, uzito gramu 4 hadi 5. Sauti ikikwaruza, badili ukubwa wa ncha. Mara nyingi inapata sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo haijalika. Na weka mono, yaani spika zote zitoe sauti ileile moja, kelele nyingi zinapungua papo hapo.

BiGramafoni: Kabla ya sindano, mwulize muuzaji imetengenezwa kwa nini. Shelaki, utomvu mgumu wa santuri za zamani, ilikuwa adimu kwa sababu ya vita na ilivunjika safarini, kwa hiyo V-Disc nyingi ni za Vinylite au Formvar, aina za plastiki. Hizo hazivunjiki ovyo, lakini zinalika upesi. Maboksi ya V-Disc yalikwenda kwa askari na sindano za chuma, na gramafoni za kambini zilikuwa na mikono mizito. Omba picha ya taa iliyomulika kwa ubavu. Mfereji mzima unang'aa. Uliolika una kijivu, hasa sentimita mbili za mwisho karibu na lebo, ambako mzunguko ni mdogo na sindano inabana zaidi. Kijivu hicho hakioshiki.

Redio40: Naomba niitetee AFRS. Kipindi cha *Jubilee*, kilichoanza 1942 kwa ajili ya askari weusi, kilirekodiwa mbele ya watazamaji, na makofi yao unayasikia. Upande mmoja unachukua kama dakika 15, vinyli yake haina kelele nyingi. Mwenye mashine asiache. Hakikisha tu sehemu zote mbili za kipindi zipo, maana mara nyingi huuzwa moja peke yake.

FundiSindano: Redio40 umesema kweli kuhusu *Jubilee*. Ila kwa anayeanza, V-Disc inatosha kwa utamu. Mgomo wa chama cha wanamuziki wa Marekani ulifunga studio za biashara tangu Agosti 1942, kampuni kubwa za mwisho zikakubaliana nacho Novemba 1944. Wanamuziki waliruhusiwa kurekodi V-Disc wakati huo, kwa sharti zisiuzwe kibiashara. Fats Waller, mpiga piano wa jazi, alirekodi zake Septemba 1943, akafariki Desemba mwaka huohuo. Lakini soma orodha ya rekodi za V-Disc kwanza: nyingine ni nakala tu za santuri za biashara au za redio. Lipa zaidi kwa zilizorekodiwa mahsusi.

Jazi_Bara: Shukrani sana. Na kuosha?

BiGramafoni: Maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone moja la sabuni laini, brashi ya nywele laini ukifuata mfereji, kisha suuza kwa maji yaleyale. Lebo isilowe. Spiriti iache kabisa: inayeyusha shelaki, na kwa macho utazichanganya na za plastiki. Zikauke kwanza, ndipo uziweke kwenye bahasha mpya za karatasi, zimesimama wima. Ukizilaza kwa rundo mahali penye joto, zile za vinyli zinapinda.