Mwanangu anaogopa choo tangu ndala yake itumbukie shimoni, naombeni ushauri

Mama wa Mbagala: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minane. Mkojo kwenye poti alishaweza, hata usiku mara nyingi anaamka mkavu. Shida ni haja kubwa. Tumepanga, choo ni cha shimo, kiko nje, tunachangia na wapangaji wenzetu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimemshika achuchumae, ndala ikamchomoka, ikatumbukia. Alisikia ilivyotua kule chini. Alilia mpaka akatapika. Toka siku hiyo ukimwambia habari za kunya anakimbilia nyuma ya pazia, anasimama kwa vidole, anakaza makalio, jasho linamtoka. Poti nayo kwa haja kubwa haitaki tena. Anamaliza siku tatu hadi nne, na choo kikija ni kigumu, kilio mtaa mzima. Juzi nimekuta chupi ina uchafu mwepesi kama anaharisha. Bibi yake anasema ni ukaidi, nimchape. Moyo umekataa. Nifanyeje?

Mama Mapacha: Pole sana dada. Fimbo weka mbali, utaongeza hofu juu ya hofu. Na hilo shimo lisahau kwanza, poti ibaki chumbani.

Nesi wa zahanati: Mama, soma hapa taratibu. Mtoto alianza kwa kuogopa shimo, lakini sasa anaogopa maumivu, ndiyo maana hata poti ameikataa. Akibana, kinyesi kinakaa tumboni, mwili unanyonya maji yake, kinakuwa kigumu. Kikitoka kinamchana, kesho anabana zaidi. Huo uchafu mwepesi kwa kawaida ni ule unaopenya pembeni ya kinyesi kilichoziba. Mara nyingi mtoto hata hajui kama umetoka, kwa hiyo usimgombeze, na usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Mpeleke wampime tumbo, wakiona inafaa watampa dawa ya kulainisha choo. Ukipewa, usiiache siku ya kwanza choo kikiwa laini, wengine hutumia miezi. Ukiona tumbo limevimba, anatapika, ana homa au choo kina damu, usisubiri. Halafu niambie, maziwa anakunywa kiasi gani?

Mama wa Mbagala: Nusu lita asubuhi, nusu lita jioni. Nilijua namjenga!

Nesi wa zahanati: Ni mengi, yanamshibisha na chakula anakiacha. Yapunguze hadi nusu lita kwa siku. Papai, embe, maharage, mchicha, na maji ya kutosha.

Baba wa Binti: Wangu alikuwa hivyohivyo. Tulimrudishia nepi kwa haja kubwa tu, bila kumsema. Kwanza alikunya amesimama karibu na poti, baadaye akakaa juu ya poti na nepi yake, mwisho tukaivua. Mkalishe dakika tano baada ya kula, ndipo utumbo unapochangamka. Nyayo zikanyage chini, zisining'inie. Na mpe puto apulize: akipuliza, tumbo linasukuma lenyewe. Ikipita dakika tano bila kitu, mwinue, msifie kwa kukaa, basi.

Mama wa Mbagala: Wapendwa, narudi baada ya siku kumi na mbili. Kituo cha afya wametupa dawa ya maji, tamu, anaipenda. Wiki ya kwanza alikunya kwenye nepi, nyuma ya pazia lake lilelile, na mimi nikaisogeza poti hukohuko nyuma ya pazia. Jana baada ya uji alikaa mwenyewe, puto mdomoni, nikasikia tu. Choo laini, hakulia. Bibi yake ndiye aliyepiga vigelegele. Nilipokwenda kumwaga alinifuata mpaka mlango wa choo, hakuingia. Alisimama peku, ndala zote mbili amezikumbatia kifuani, akachungulia mpaka nilipomaliza. Dawa tunaendelea nayo.