Mwenzetu ana njaa lakini hasimami kusema. Kikoba kimsaidieje bila kumwanika?

MamaPili_Mbagala:
Habari za jioni wadau. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Mbagala, tuko thelathini. Kila Jumamosi tunanunua hisa, halafu kila mmoja anatoa buku ya mfuko wa jamii. Katiba inasema mwenye shida asimame aeleze, tunyooshe mikono, apewe palepale. Kwenye msiba na ugonjwa hakuna neno, maana mtu akifiwa mtaa mzima unajua.

Kasheshe ni njaa. Kuna dada anakopesha vitenge, mumewe kapunguzwa kazi kiwandani. Hajawahi kusimama. Alianza kuchelewa, kisha akawa anamtuma mtoto na hela ya hisa, sasa haonekani. Nilipita kwake saa saba mchana, jiko limepoa, sufuria zimefunikwa kifudifudi. Akaniambia, "Leo tumefunga, dada." Jumanne hiyo, na mtoto wa chekechea naye kafunga!

Wenzangu wanataka tufungue orodha ya michango kwenye grupu la WhatsApp. Mnazijua: jina, kiasi, tiki, na kuna mmoja lazima aulize "kwani kapatwa na nini?" Sitaki. Ila pia sitaki kesho nisikie katibu kala hela.

Mangi_wa_Kona:
Dada, nenda dukani anakokopa. Mimi nauza duka, haya nayaona. Mtu anakuja jioni wateja wakiwa wachache, ananiambia "mpunguzie mama fulani elfu ishirini, usinitaje." Nafungua daftari, nakata. Yule mama akija nampa unga na mafuta kama kawaida. Akiuliza deni namwambia kuna mtu kalipa, hataki kujulikana. Wengi hawaulizi mara ya pili.

Hela ya simu usitume, jina lako linatokea kwenye meseji. Umeme unawezekana: ukiwa na namba ya mita yake nunua LUKU kwenye simu yako, zile tarakimu 20 ziandike kwenye karatasi, mpe mtu mwingine azipeleke.

Mkaguzi_Asiyelipwa:
Mangi kasema vizuri kwa hela ya mfukoni. Ya kikundi ni habari nyingine. Kisanduku cha hela za kikundi kimewekwa kufuli tatu na funguo zikagawiwa watu watatu ili shilingi isitoke bila macho ya wote. Kikundi nilichokuwamo zamani kilikuwa na "msaada wa siri". Siku ya kuvunja kikoba tugawane hela ikagundulika siri yenyewe ni shemeji wa mweka hazina. Tuligawana maneno badala ya hela.

Jumuiya_Moro:
Mkaguzi, jina lificheni, kiasi kiacheni wazi. Parokiani kwetu tuna Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kile alichoanzisha Ozanam na wenzake Paris mwaka 1833. Hadi leo wanatembelea nyumba wawili wawili, haendi mtu peke yake, na waliyoyaona huko hayasimuliwi. Kwenye mkutano mfuko wa kitambaa unapitishwa, kila mtu anaingiza mkono uliofumbwa, hakuna anayejua nani katoa nini. Zinazopatikana zinahesabiwa na kuandikwa.

Na MamaPili, msimpelekee hela tu mkamwacha ndani. Mwombeni kitu. Ana vitenge, si ndiyo? Sare ya kikoba mnanunua kwa nani?

MamaPili_Mbagala:
Jumuiya, umenigusa, sare tulikuwa tunataka kuifuata Kariakoo! Hiyo tutampa yeye, na malipo ya awali atapata.

Mangi, duka analokopa nalijua, kesho napita. Jumamosi napeleka pendekezo hili: kila mwezi elfu sitini, yaani nusu ya mfuko wa jamii, itolewe kisandukuni mbele ya wote, ihesabiwe na iandikwe, wakabidhiwe akina mama wawili wasio viongozi. Watuletee idadi ya nyumba walizofika, majina wabaki nayo. Mkaguzi, ungenyoosha mkono?

Mkaguzi_Asiyelipwa:
Wabadilishwe kila baada ya miezi mitatu, na wasiwe ndugu wala wakwe. Halafu mmoja wao awe yule bibi ambaye kila kikundi kinaye, asiyecheka na mtu. Hapo nanyoosha.

MamaPili_Mbagala:
Tunaye. Tatizo anasinzia kikaoni.